Pale Kinuni Hapana Tena pa Kukaa Matanga

Mwanza,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpendwa Magesa,

Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea, marahaba. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Nansio hamjambo, na kwamba mvua haikuiozesha mihogo yote. Mimi ni mzima. Mke wangu si mzima. Daktari ameacha kumpangia siku ya kurudi.

Unakikumbuka kinu cha pamba nilichokitumikia hadi tulipopunguzwa kazi. Mitambo iliuzwa kama vyuma chakavu, ghala likabaki wazi ufukweni. Sisi wakazi tulilifagia vumbi la pamba, tukaziba paa kwa mabati ya kuokoteza, likawa la watu wote. Asubuhi watoto wa chekechea walisoma humo. Jioni kwaya ilifanya mazoezi. Zaidi ya yote, tulikaa matanga humo. Sisi wapangaji hatuna uwanja, na wenye nyumba hawataki moto wala vilio milangoni mwao. Jeneza tuliliweka juu ya jukwaa la mizani, palipopimiwa marobota, na wanaume tulilala kando ya moto, nje ya mlango wa ziwani. Dada yetu tulimlilia hapo, nawe ulikuwapo.

Mwezi uliopita tuliarifiwa kwamba ofisa anayeshughulikia uuzaji wa mali za kinu angekuja kuangalia kama ghala linatumika. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Masanja, akaamuru liandaliwe kama inavyostahili mgeni wa serikali. Tukatoa mikeka, mabenchi, ubao, masufuria, hata majivu. Watoto wakazuiwa majumbani wasipige kelele. Tulibaki wawili tu, Mzee Masanja ndani ya koti lake, na mimi.

Ofisa alizunguka, viatu vikilia sakafuni.

"Ghala safi sana, wazee. Nani analitumia?"

"Watu wote, mheshimiwa," akajibu Mzee Masanja.

"Wako wapi?"

"Tumewaondoa, kwa heshima yako."

Akacheka. "Mzee wangu, mimi nasema nilichokiona. Nimeona ghala tupu."

Nilimweleza habari za misiba, nikamwonyesha jukwaa. Akasema kwamba msiba si matumizi.

Sasa mlangoni pana kufuli, na uzio wa mnunuzi umefika majini. Patahifadhiwa samaki. Mama Neema, aliyekuwa akiwapikia watoto uji, alimkabili Mzee Masanja mbele ya watu: "Ungeliacha hata sufuria langu moja lenye masizi, lingetusemea!" Mzee wa watu aliinamisha kichwa.

Mke wangu aliyasikia hayo akiwa kitandani. Akaniuliza, "Sasa mimi mtanililia wapi, Baba Tumaini? Barabarani?"

Nikamkataza kusema hivyo.

"Nimekuuliza," akasema.

Kwa hiyo nakuomba uufyeke uwanja wa marehemu baba. Tutavuka kwa meli angali anaweza kuketi.

Msalimie shangazi yetu, umwambie macho yake nayaombea. Msalimie katekista, yeye mweleze yote. Wanao waambie wasiache shule.

Jambo moja la mwisho. Ukishafyeka, usiufagie uwanja ukabaki mtupu. Acha mafiga, kuni na magogo ya kukalia mahali panapoonekana, ili yeyote apitaye ajue kwamba hapo pana watu.

Ni mimi kaka yako,
Bwire