Mayai Sita ya Hawe Kadzo

Bofa, Kilifi
Jumatatu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza habari, vuta kigoda uketi, maana bahati imemvamia mwanao. Sasa mimi ndiye mkuu wa maweita katika hoteli ya Wazungu! Koti jeupe, vifungo vya shaba, nikipita jikoni hata mpishi mkubwa ananyamaza. Nikipiga makofi, sahani zinakimbia zenyewe. Wewe je, mguu umepata nafuu? Ng'ombe amezaa? Mimi nimenenepa hadi mkanda unalalamika.

Barua yako nimeipata. Unasema Pasaka utashuka kutoka Taita uje uione hoteli ninayoiendesha, na umeshawatangazia kina mama wote wa kanisa. Nimeisoma mara nne. Ngoja nikueleze kisa.

Hapa tuna kanisa dogo la makuti. Ndiyo, mama, naenda, usicheke. Mwezi uliopita mwinjilisti wetu alikuwa akifundisha habari za ufalme wa Mungu, jinsi ulivyo karibu. Watu wanasinzia. Na mdomo wangu unaujua. Nikasimama: "Mwinjilisti, niachie mimi! Ufalme ni kama kule kwetu hotelini. Unaketi, unaletewa. Shuka zinabadilishwa kila siku, maziwa yana birika lake peke yake, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala umetoka wapi." Kanisa zima likaangua kicheko, amina juu ya amina, mwinjilisti mwenyewe akapangusa machozi.

Mmoja tu hakucheka: Hawe Kadzo. Hawe maana yake ni bibi kwa Kigiriama. Ni mjane anayeshona makuti, na paa la hoteli yetu ni kazi ya mikono yake. Alinisikiliza kama anayeelekezwa njia.

Alhamisi asubuhi akaja. Ameoga, amejifunga leso mpya zenye mkunjo wa dukani, kikapu mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama getini.

"Mwanangu, nimekuja kuuona ule ufalme," akasema. "Paa nalijua, ndani sijui kuna nini. Nimemletea mwenye nyumba mayai sita. Siwezi kwenda kwa mfalme mikono mitupu."

Kabla sijajibu, meneja akatokea na wageni wake. "Mwadime, unamjua huyu?"

Mama, ulimi huu huu uliohubiri ukasema, "Simjui, bwana. Hawa wauza mayai ni wasumbufu sana."

Hawe akanitazama. Hakukasirika. Akamwambia meneja, "Samahani, baba, nimepotea njia." Akageuka akaenda zake polepole na kikapu chake. Mimi nimemkana, yeye akanisitiri.

Jumapili niliingia kanisani kwa kuchelewa, nikajibana nyuma. Yeye yuko mbele, kwenye mkeka. Akageuka, akasogea, akaupigapiga mkeka kwa kiganja.

"We Mwadime! Wajificha nini kama mwizi wa kuku? Njoo uketi."

Nikaketi. Yale mayai alikuwa ameyachemsha, anawagawia jirani zake. Akanitia moja mkononi.

"Hawe, nisamehe," nikamwambia.

"Nilikusamehe pale pale. Nilikuonea huruma, mwanangu. Nilidhani wewe ni wa ndani. Kumbe nawe wasimama nje."

Shule niliiacha darasa la tano, mambo ya dini nayasikia juu juu. Lakini mwinjilisti akiniuliza tena ufalme ni nini, shuka sitazitaja. Nitasema ni yule bibi akisogea kwenye mkeka. Lile yai nililishika mpaka likapoa. Kulila sikuweza.

Nisalimie baba mdogo fundi viatu, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake bado inanitisha. Na dada Wakesho anayekusomea barua hii. Wakesho, hapa chini usiruke hata neno.

Mama, Pasaka uje. Nitakungoja kwenye stendi ya basi ya Kilifi. Hawe Kadzo amesema utalala kwake, na kitanda ameshakitandika. Lakini hotelini sitakupeleka. Mimi si mkuu wa maweita. Koti jeupe sina, na huko ndani sijawahi kuketi hata siku moja. Mimi ni askari wa geti, na kazi yangu ni kuwafukuza watu wanaofanana na wewe.

Mwanao,
Mwadime