Mkunga Anayesimamiwa na Mwanafunzi Wake

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Agosti, 1976

Mpendwa kaka Kandidus,

Shikamoo. Hamjambo huko Mwanza, wewe na wifi Sofia? Na mguu wako je, umepona sawasawa au bado unachechemea? Sisi huku ni wazima, ila sukari imeadimika na mimi nina hasira ya wiki tatu.

Unakumbuka niliacha ukunga mwaka 1968, nikamfuata mume wangu Rufiji alikopelekwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa. Sasa tumerudi mjini, nikaenda kuomba leseni yangu. Wakaniambia nimekaa nje ya kazi miaka minane, kwa hiyo nizalishe akina mama ishirini mbele ya msimamizi, naye atie sahihi kwa kila mmoja, ndipo wanirudishie.

Nje ya kazi! Kule kijijini nani alikuwa anazalisha kama si mimi? Kila mtoto balozi wa nyumba kumi alimwandika kwenye daftari, na jina langu pembeni. Siku tunaondoka akanikabidhi daftari hilo nije nalo. Karani wa ofisi ya leseni hakulifungua hata ukurasa mmoja. Alilisukuma kwa penseli, akasema balozi si mkunga. Nilitoka pale, nikaenda sokoni nikanunua muhogo ambao wala sikuuhitaji.

Hilo ningelimeza. Sasa sikia msimamizi mwenyewe ni nani: Hyasinta, yule binti wa Ndanda niliyemfundisha mimi kufunga kitovu. Siku hizi ni Sista Hyasinta, ana saa kifuani. Ananiambia, "Dada Evarista, nawa tena mikono." Mbele ya wanafunzi, kaka. Nanawa. Na hao wanafunzi wananiita bibi, mimi mwenye miaka arobaini na moja.

Nikaandika barua ya kumshitaki Hyasinta, kurasa nne.

Basi Jumanne akaletwa mama mmoja wa Magomeni, uzazi wa kwanza, uchungu umemzidi. Nikavuta sindano ya kumtuliza kwa kipimo changu cha zamani, bila kusoma chupa. Hyasinta akanishika kiwiko. Akanigeuzia maandishi ya chupa. Dawa ya siku hizi ina nguvu mara mbili ya ile yetu. Ningemchoma ile, mtoto angetoka amelegea, hapumui.

Alizaliwa wa kike, akalia akasikika mpaka nje. Hyasinta akatia sahihi kwenye kitabu changu na kunirudishia. Bora angenifokea.

Usidhani hasira imeisha. Ninayo juu ya karani yule, na juu ya miaka minane ambayo hakuna aliyetuletea kijijini hata karatasi moja kutuambia dawa zimebadilika. Ila kubwa kuliko zote ni juu yangu mwenyewe. Barua ya mashitaka nimeichana.

Na wewe uliandika kwamba rafiki yako wa wizarani anaweza kunipatia leseni bila mizunguko. Mwambie aache. Kama umeshamwomba, rudi ukamwambie tena aache.

Wasalimie sana wifi Sofia, binti yenu Scholastika na shangazi Mboni. Mungu awape afya, na wewe akuzuie kunionea huruma kwa mlango wa nyuma. Nimebakiza akina mama kumi na wanne, na nitanawa mikono kila nitakapoambiwa.

Mdogo wako akupendaye,
Evarista