Korongo za Siku ya Tatu

Siku ya pili ya juma, 4/3/2025
Jioni ya tatu bure! Korongo zinasimama tu mu maji, sawa watu mbele ya banki. Jua inashuka, nuru yenyewe ninayotaka — hakuna hata moja inafungua mabawa. Na exposition, maonyesho ya foto, ni siku ya Mungu, ku salle ya kanisa. Gaël, tunatumika naye mu studio hapa Nyakasanza, anacheka. Ati Adeline, weye ni wa foto za passeport, achia ndege. Nitamuonyesha.

Siku ya tatu, 5/3
Nimepata!! Korongo makumi ine, pengine zaidi, mabawa wazi, jua nyekundu chini yao. Sikungoja tena. Nilitupa jiwe. Ingine. Ya tatu ikapiga maji katikati yao — puu! — zikaruka zote mara moja, zikazunguka juu ya bwawa murefu, na mimi ninapiga foto tu. Ngambo ya maji, ku site ya wadéplacés, wenye kukimbia vita, watu wakapiga kelele. Nikafikiri wanashangilia. Nikawapungia mukono, mimi mupumbavu! Nikapanda pikipiki, nikaimba njia yote.

Siku ya ine, 6/3
Mama Anastasie, mwenye kuuzisha beignets, mandazi ya mafuta, mbele ya studio, amefika baada ya saa tano, bila beseni yake, bila viatu. Anakaa ku ile site na bwana yake, muzee Étienne, mwenye muguu haitembei. Walitoka mu kijiji karibu ya Bambu. Kule, anasema, korongo za bwawa zikiruka zote pamoja, kisha dakika kidogo watu wa bunduki wanafika. Jana waliona vile vile. Site nzima ikakimbia mpaka kartie ya Mudzipela. Mafuta ya beignets ikamwangika.

Na muzee alibaki mu hema. Peke yake.

"Nilikimbia, mutoto yangu. Miaka makumi tatu na mbili ya ndoa, na nilikimbia. Sikumbuki hata namna gani. Nilijikuta tu Mudzipela."

Aliporudi usiku, muzee hakumutukana. Alisema tu alisikia miguu yake inaenda. Tangu jana hakuli chakula ya mukono yake.

Mama akaniuliza nini iliamsha zile ndege. Mimi — nikamuletea chai. Chai! Haya inanichoma mpaka masikio.

Siku ya tano, 7/3
Nimekuza foto ku ordinateur. Chini, ku kona ya kushoto, watu wadogo wanakimbia na matandiko. Kikwembe ya manjano kiunoni: mama Anastasie. Nikakuza tena.

Hakimbii! Ameangalia mahema, mukono moja umenyooka kule, na binti yake Vanessa na mwanaume moja wanamuvuta kwa nguvu. Anapigana nao! Woga ilimufutia kumbukumbu yote.

Gaël anasema ile kona inaharibu foto, kata. Nikakata. Nilijua ninakata nini, na nikakata.

Siku ya Mungu, 9/3
Makofi. Padri alinishika mukono mara mbili. Muzee Étienne walimuleta na pikipiki. Mama Anastasie alikaa viti tatu mbali naye. Muzee akaangalia foto murefu sana.

Ni za siku ya tatu, hizi, akasema. Nani aliziamsha, mutoto yangu?

Ziliruka zenyewe, muzee, nikajibu.

Mudomo gani hii niko nayo!

Siku ya kwanza, 10/3
Nimetoa foto nzima ku karatasi, na kona yake. Iko mu bahasha, chini ya hii daftari. Nikiionyesha, nitasema na jiwe pia. Muzee ataniuliza nilisimama wapi, hakuna namna.

Wako inje sasa hivi. Muzee amekuja kwa foto ya kitambulisho. Mama amemupa beignet, iko ku goti yake, inapoa. Hajaigusa. Mama anaangalia mafuta yake tu.

Gaël anaita: kiti iko tayari, toka! Nimeshika bahasha. Nimeirudisha. Nimeishika tena, wino inachafuka chini yake.

Gaël anaita tena. Na sauti ya muzee nyuma yake, polepole: musimuharakishe, nitamungoja.