Peremende ya Baba

Arnhem, 9 Novemba 1996

Kwa kaka yangu Izak,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Neeltje, na kwamba vitunguu vimeingia ghalani kabla mvua haijaviharibu. Mimi huku sijambo, ukiondoa magoti, mgongo na vidole. Yaani mzima kuanzia shingoni kwenda juu, na hapo napo mke wangu Hanneke ana mashaka yake. Utanisamehe mwandiko. Shule niliiacha mapema, kama ujuavyo, na vidole vyangu vimevunjika mara kumi na moja. Asubuhi Hanneke ndiye anayenifunga vifungo vya shati, mimi niliyedaka mipira kutoka Groningen hadi Hong Kong.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma jikoni, nimeisoma bafuni, nimeipeleka hata baa, na hapo ndipo wenzangu walipojua kuna jambo, maana niliketi saa nzima bila kuwasimulia penalti hata moja. Nilidaka penalti kumi na tisa, kaka. Magazeti yaliandika kumi na saba, lakini waandishi wale hata idadi ya bia walizokunywa hawakuijua.

Unaniambia mchonga mawe amekuja kuuliza habari za jiwe la kaburi la Baba, na Mama amemwambia asiache nafasi ya jina lake chini ya jina la Baba. Kwamba yeye atazikwa kijijini kwao, kando ya mama yake. Unasema hukumuuliza sababu, kwa kuwa sababu tunaijua sote: ile Jumapili ya mwezi wa Mei mwaka sitini na saba, Baba alipokosekana kwenye ibada ya mchana, kiti chake cha mzee wa kanisa kikakaa kitupu mbele ya kijiji kizima, na jioni akaonekana akitoka nyumbani kwa mjane Lievense, viatu mkononi. Unasema Mama ana miaka themanini na minne na hana tena nguvu za kujifanya hajui.

Nimekuwa nikizunguka kama paka anayetafuta mlango. Ngoja niingie.

Unakumbuka nilivyoondoka. Nilikuwa kipa wa timu yetu ya kijiji, iliyocheza Jumamosi ili Jumapili ibaki ya Bwana, na mtu wa klabu ya mjini akaja na gari jekundu, akanywa kahawa ya Mama, akala biskuti yake moja, akasema nina mikono ya kudakia mwezi. Baba alimuuliza jambo moja tu, huko wanacheza siku gani. Yule bwana akasema Jumapili, saa nane u nusu. Baba akasimama, akamfungulia mlango, akamshukuru kwa kuja. Mimi nilimfuata hadi kwenye gari. Nikasaini juu ya boneti, na kalamu ilikuwa yake.

Tangu siku hiyo hadithi yangu imekuwa moja, na nimeisimulia vizuri mno. Nimeisimulia Antwerp, nimeisimulia Toronto, watu wazima wamelia ndani ya bia zao. Kwamba Baba alikataza jina langu lisitajwe mezani. Kwamba mzee wa kanisa alimtupa mwanawe kwa sababu ya mpira wa Jumapili. Nilipewa vinywaji vingi sana kwa hadithi ile, kaka. Hata wewe uliiamini, na ukanihurumia.

Sasa sikiliza. Jumapili ile ya Mei tulikuwa tunacheza mechi ya kupanda daraja. Sare ilitutosha. Zilibaki dakika sita, bado hakuna bao, na mimi, bila kujisifu, nilikuwa nimekwisha kuokoa mabao manne ambayo kipa mwingine angeyatazama tu na kuyapungia mkono. Ikapigwa kona. Nikageuka kuitazama nguzo ya mbali, na nyuma ya lango, katikati ya watu wenye kofia za karatasi na filimbi, nikaona koti jeusi la kanisani na kofia nyeusi. Alisimama wima kama anasubiri zaburi ianze. Nilipogeuza macho uwanjani, mpira ulikuwa umeshanipita.

Magazeti yalisema jua lilinipiga machoni. Mimi pia nikasema jua. Mawingu yalikuwa mazito siku ile kama blanketi la farasi, lakini hakuna aliyeuliza.

Alikuja kwa miguu, Izak. Kilomita kumi na saba. Unamjua Baba, asingepanda basi Jumapili na kumfanyisha dereva kazi siku ya Bwana, na baiskeli pia aliiacha ukutani. Baada ya ibada ya asubuhi alianza kutembea, na viatu vyake vya kanisani, vile vigumu alivyovaa saa mbili kwa wiki akiwa ameketi.

Baada ya mechi alikuwa akisubiri kwenye lango dogo la wachezaji. Mimi nilitoka na wenzangu, nyuma yetu waandishi wawili. Nikamwona kabla hajaniona. Alisogea, akavua kofia, mimi mwanawe akanivulia kofia, akasema polepole kama mtu anayepima maneno yasizidi, "Krijn, ule mpira haukuwa wa kudakika."

Alikuwa hajawahi kutazama mpira maishani mwake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile pakiti yake ya peremende, ile aliyokuwa akitupitishia kanisani mahubiri yakirefuka, akasukuma moja juu kwa kidole gumba, akaninyoshea.

Beki wetu, jamaa mmoja mwenye mdomo, akacheka akaniuliza, "Wewe, huyu babu wa mazishi ni wako?"

Nami nikasema, "Simjui. Labda kaja kutuhubiria."

Walicheka, kaka. Nikapita. Mkono wangu ulikuwa karibu na ule wake hivi, kama upana wa kitabu cha nyimbo. Nilipanda basi la timu, na dirishani nilimwona bado amenyosha mkono, kisha akairudisha ile peremende ndani ya pakiti, akavaa kofia, akashika njia ya nyumbani.

Mengine unayajua kuliko mimi. Mjane Lievense mwenyewe alisema alimkuta ameketi kando ya barabara, soksi zimegandamana na damu, akampa beseni la maji. Hakuna aliyemwamini. Baraza la wazee lilipomuuliza Baba alikuwa wapi, alisema alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, basi. Wakamvua uzee wa kanisa. Angesema neno moja tu angesafishika mbele ya Mama, maana hata Mama angemsamehe mpira. Lakini ili aseme alikwenda wapi, ingembidi aseme nilimfanyia nini.

Usidhani sikujua. Shangazi Pietje aliniandikia uvumi wote mwezi uliofuata, wa Juni. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na stempu. Nilijiambia yatapoa. Nilinyamaza miaka ishirini na tisa, nikaendelea kusimulia nilivyotupwa. Na Septemba nilipokosa kuja mazikoni, haikuwa goti. Niliogopa kwamba mtamlaza mikono ikiwa juu ya kifua, nami nitaiona.

Nakuomba mambo mawili. Msomee Mama barua hii yote, usiruke pale ninapoonekana vibaya. Na mwambie mchonga mawe asubiri. Jumamosi ijayo nitalala mjini, na Jumapili alfajiri nitaanza kutembea kutoka uwanjani pale. Kwa magoti haya nitafika nimechelewa, ibada ya mchana ikiwa imeanza, na kijiji kizima kitageuka kunitazama. Wageuke. Nitamweleza kila mmoja mlangoni, jina kwa jina, hata wale wasiotaka kusikia. Mama akitaka nikae kando yake, nitakaa. Asipotaka, nitasimama nyuma. Nimezoea kusimama peke yangu.

Nisalimie Neeltje na watoto, na wale farasi wawili kama bado wanaishi. Hanneke anakusalimu, anasema hajawahi kuniona nikiandika jambo refu hivi lisilonisifu. Mpe Mama mkono wangu, ingawa sijui kama ataushika.

Ni mimi mdogo wako,
Krijn Poortvliet