Soksi Kwenye Tundu la Hewa

Wiebke mwanangu,

Supu ya njegere iko jikoni, ukitoka kazini ipashe tu. Fiete yuko juu na baba yake, ameshakula. Mimi nimerudi kwangu. ~~Siji tena.~~ Nitakuja Jumapili, mkinitaka.

Asubuhi nilifungua madirisha, kama nilivyofanya kila siku nilipokuwa nakulea wewe. Mumeo Torben akaja mbio, soksi mkononi, akayafunga yote. “Mama, baridi yote hii unafungua madirisha? Na hii soksi ni wewe umeitia kwenye tundu la hewa la chumba cha mtoto?”

Ndiyo, ni mimi! Upepo ulikuwa unampuliza mjukuu wangu shingoni. Ningemwacha?

Torben akasema nyumba hii joto na hewa safi vinapita bomba moja, kwa hiyo nimemzibia mtoto vyote viwili. Akanishikisha vidole vya Fiete. Vilikuwa vya baridi, Wiebke.

Lakini nani aliniambia? Nyumba haina jiko la kuni, haina hita ukutani, mgeni atajuaje joto linatokea wapi? Mlinionyesha swichi za taa tu, basi.

Mwambie mumeo asinifokee tena mbele ya mtoto. Na mwambie soksi huvaliwa mbili. Ya pili iko chumbani kwenu, kwenye tundu la juu ya mlango. Nilikusikia unakohoa. Itoeni kabla hamjalala.

Mama