Kipande cha Chini cha Roketi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kilosa tu wazima, ila kiti cha marehemu babu yako sijaruhusu mtu akikalie.

Unauliza kwa nini nilikasirika uliponieleza kwamba kipande cha chini huinyanyua roketi na mizigo yote, kisha mafuta yakiisha hudondoshwa baharini, cha juu kikaendelea.

Ujanani tulipandisha mabati ya kanisa mlimani Vidunda. Babu yako aliyabeba kwenye mwinuko mkali, wengine wakampokea karibu na kilele. Kwenye karamu ya kumaliza kazi huko juu, mzee wa kanisa akamzuia: "Wewe wa chini kazi yako ilishaisha."

"Kwani mabati yalipaa yenyewe?" nikamfokea.

Babu yako alishuka na njaa. Nikashuka naye.

Kama kweli siku hizi vipande vingine hurudi vikatua wima, mkivipokea vipigieni vigelegele.

Bibi yako