Gidoni Uliyoichonga kwa Jicho Langu

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Mama Odia, yule anayefuata treni na magunia yake ya maharage, amefika Likasi, hapa Katanga, na maneno yako. "Ambia mudogo wangu asikuje. Huku banatuita ba-Katanga." Nilimwomba ayarudie, akayarudia vilevile. Kisha akanieleza na jambo ambalo hukumtuma: kwamba pale sokoni Mwene-Ditu, huko Kasai, unapotengeneza kufuli, unaishika mbali na uso, mkono umenyooka, na tundu la ufunguo unalitafuta kwa kidole. Tangu nisikie hayo sikai. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kuketi, na mume wangu Mwape ananiambia nitamtobolea sakafu.

Barua hii haina bahasha. Sijui unalala wapi, kwa hiyo nampa mtu yeyote wa treni atakayekubali kuibeba, na atakayekujua sura akusomee kwa sauti mbele ya wateja wako. Usione haya. Naiandika kwa mashine ya kuchapia ya ofisini, maana siku hizi hakuna anayeniletea kitu cha kuchapa. Nachapa mstari, naenda dirishani, narudi. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: nikija, utanipokea au utanirudisha?

Kabla hujajibu, ikumbuke ile bastola ya klabu yetu ya shabaha.

Msomaji wa treni asiogope. Ilikuwa bastola ya mchezo, ya risasi ndogo, ya kupigia karatasi. Ilianguka kwenye saruji pale uwanjani Panda, ikavunjika kran, kile kibati cha nyuma chenye mwanya ambao jicho hupita. Enzi hizo vipuri vilikuwa vimeacha kuja. Wenzetu wa klabu wakasema basi, mchezo umekwisha. Wewe ukaifunga kwenye kitambaa ukaipeleka atelie, karakana yako, ukaanza kukata kran mpya kutoka kwenye msumeno mzee wa chuma. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa unakuja na kwenda utakavyo, hivyo ukaziacha mashine, ukafanya yote kwa tupa, kipande kimebanwa kwenye jiliwa na ulimi wako umetoka nje kama unaandika mtihani.

Kran ilipokaa, ukanipa bastola tupu nilenge ukutani. Ukaniuliza, "Weye unaona nini?"

Nikakujibu ukweli. Miwani yangu unaijua. Gidoni, kile kijiti cha mbele, kilikuwa chembamba mno, nilikiona kama unywele kwenye supu, kinakuwepo, kinapotea. Nilidhani utanicheka. Hukunicheka. Uliitoa gidoni ya kiwandani iliyokuwa nzima kabisa, ukachonga nyingine nene, kisha ukapanua na mwanya wa kran ili mwanga uonekane huku na huku. Kila ukipitisha tupa kidogo ulinirudishia nilenge, na kila mara swali lilikuwa lilelile. Unaona nini? Na sasa? Nilichoka mkono, nikakuambia inatosha. Ukasema jicho ni langu lakini kazi ni yako.

Wanaume wa klabu walinung'unika. Yule fundi wa winchi akauliza, "Hii bastola inakuwa ya banamuke sasa?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Iko ya ule anapiga muzuri." Nilivimba kichwa wiki nzima, nakiri.

Mafunzo yako nayo nayasikia hadi leo. "Angaria gidoni tu. Cible, ile karatasi, iache ipotee kidogo. Jicho haiwezi kuona bintu tatu mara moya." Risasi zikikimbilia kushoto, hukuniambia nivute vizuri, ulichukua nyundo yako ya shaba, ile isiyoacha kovu kwenye chuma, ukaisukuma kran kulia, kidogo sana. Ulikuwa unasahihisha chuma kabla ya kumsahihisha mtu.

Na Mama, Mungu amrehemu. Unakumbuka? Ulikuwa umeshaipaka gidoni masizi ya taa ya kabidi, ile ya Baba ya kushukia mgodini, ili iwe nyeusi isimeremete. Ukaileta bastola nyumbani, ukaiweka juu ya kabati, kesho yake yalikuwa mashindano na watu wa Lubumbashi. Mama, ambaye hakuvumilia sufuria yenye doa wala kitasa cha mlango kisichong'aa, akaiona ile nyeusi nyeusi ya mbele na ya nyuma. Akachukua limau na majivu. Alisugua mpaka tukajiona sura zetu.

Hatukujua kitu. Nilisimama kwenye mstari, jua limetoka upande wa kulia, nikalenga, nikaona kimulimuli mahali pa gidoni. Risasi zote zikaenda pembeni, karatasi nyeupe imetobolewa, duara jeusi zima kama lilivyotoka dukani. Watu wa Lubumbashi wakapiga makofi ya heshima, ambayo ni mabaya kuliko kuzomewa. Tuliporudi, Mama alikuwa mlangoni anasubiri kusifiwa. Ukamwambia, "Asanti, Mama, umeisafisha bien. Inangaa kabisa." Kisha ukaenda nyuma ya nyumba kuwasha taa ya kabidi upya, na mabega yako yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Ndipo mambo yakageuka. Majirani tuliokula nao wakaanza kutuita wadudu. Sisi, tuliozaliwa hospitali ileile na watoto wao, tukaambiwa twende kwetu Kasai, walikotoka wazee wetu, ambako wewe hukuwahi kukanyaga hata kwa likizo. Mama alikuwa ameshazikwa, na kwa hilo nilishukuru.

Wakubwa wa mkoa walipoamuru silaha za klabu zipelekwe kambini kwa askari, uliifuta ile bastola, ukaipaka mafuta, ukaibeba. Nilikupigia kelele uani. Nilitaka uing'oe kran na gidoni, uwaachie chuma kipofu. Mbona uwape kitu kinachopiga sawasawa? Ukaniangalia kwa upole ulionikera. "Benye kuua habaangaliake gidoni," ukasema. "Banasimamaka karibu." Ukaenda nayo ilivyo. Nilikosa usingizi kwa maneno hayo, na hata leo nikipishana na mtu barabarani nampima kwa macho amesimama umbali gani.

Kisha stesheni. Ninyi mliofukuzwa mlilala pale mkingojea treni, watu juu ya watu, na mvua inanyesha kwenye magodoro. Mwape, ambaye ni Msanga wa Kapolowe, mwenyeji wa hapa, na angeweza kukaa nyumbani bila mtu kumuuliza, alikuwa anawaletea uji na kurudi na ndoo. Treni ilipokuja nilikuwa na mfuko wangu mkononi. Ukauona. Ukanipokonya, ukaurusha kwa Mwape juu ya vichwa vya watu. "Weye uko wa huku sasa. Bakia na bwana yako." Hukunikumbatia. Nilisimama pale mpaka wafagiaji wakaniomba nipishe.

Nilielewa, Yaya. Ulikuwa unaniokoa. Mabehewa yale yalibeba na maiti, tulisikia baadaye. Nimekushukuru kwa hilo na nimekuchukia kwa hilo, mara nyingine siku ileile, kabla ya chakula cha mchana.

Lakini sikiliza. Uliponichongea gidoni, hukupitisha tupa hata mara moja bila kuniuliza ninaona nini. Pale stesheni hukuniuliza. Na sasa umeniamulia tena, kwa mdomo wa muuza maharage, kana kwamba mimi bado ni mfuko wa kurushiana. Basi nakuambia bila kuulizwa. Ninaona mtu mwenye mikono bora kuliko yote niliyowahi kuijua, ambaye macho yake yanamwacha na anaona haya kusema. Ninaona nyumba yangu hapa, mume mwema, na kiti nisichokalia. Mwape nilimwambia juzi. Akasema, "Enda. Miye niko hapa." Alikuwa analia na hakujificha.

Ninakuja. Miwani ya kusomea nimepata ya aina mbili, maana sijui jicho lako limefika wapi, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza. Sijui nitakaa siku ngapi. Wakisema huko kwamba mimi ni Mkatanga, watakuwa wamechelewa, kwa kuwa huku nimeshaitwa mdudu. Majina ya watu nimeyazoea. Lakini usinisukume tena kwenye jukwaa la stesheni, Yaya. Wote walionifukuza mpaka leo ni watu baki.

Ni mimi, mdogo wako, uliyenyonya naye ziwa moja